Mzazi, ongea na kijana wako kuhusu pombe kabla hajaripoti chuo

Muhula unaanza na wazazi wanapiga simu kuulizia ada na hosteli, sawa, ila hili la pombe wengi mnaliacha mpaka siku sisi tunaofanya kazi chuoni ndo tunawapigia kuwaambia kijana kalazwa.

Hatusemi umruhusu. Bora asinywe, na kama hajafika umri wa kisheria hapo hakuna mjadala. Lakini wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza ndo mbaya zaidi, marafiki wapya, hela mkononi, hakuna wa kumuuliza karudi saa ngapi, na ile "wangu hanywi, tumemlea vizuri" siyo kinga, tumeisikia sana jamani. Wala kumfundisha kunywa nyumbani ili ajue kiasi hakumlindi.

Mpe vitu anavyoweza kuvitumia. Toti moja ya pombe kali, mililita 30, inakaribia nusu ya bia ya mililita 500, na ini linahitaji kama saa nzima kuimaliza hiyo toti moja, kahawa na maji ya baridi haviharakishi chochote. Kuchanganya na vidonge vya usingizi kunaweza kuua.

Kinachotuumiza zaidi ni hiki: mwenzao kazima, wanamfunika blanketi, wanafunga mlango, wanasema atalala itaisha. Haiishi, iliyoko tumboni bado inaendelea kuingia kwenye damu. Haamki ukimtikisa, anapumua kwa kusuasua, mwili wa baridi, midomo imebadilika rangi, anatapika huku hajitambui: alazwe ubavu, asiachwe peke yake, huduma ya dharura ipigiwe. Na ukiwauliza kwa nini hawakupiga simu wanajibu "nyumbani wangejua". Yaani wanakuogopa wewe kuliko kifo cha mwenzao. Kwa hiyo mwambie "ukikwama, wewe au mwenzako, nipigie hata saa nane usiku, nakuja au namtuma mtu, mengine tutaongea kesho". Halafu akipiga usianze kufoka kwenye simu.

Kuhusu nidhamu, vyuo vingi vinaenda hivi: msimamizi wa hosteli anaandika ripoti, mwanafunzi anaandikiwa barua ajieleze kwa maandishi, anaitwa kwenye kamati, anaweza kuleta shahidi, adhabu zinaanzia onyo la maandishi, kulipia alichovunja, kutolewa hosteli, kusimamishwa masomo, mpaka kufukuzwa kabisa, na rufaa ina siku zake, zikipita zimepita. Barua inaenda kwake maana ni mtu mzima, kutugombeza kwamba hukuambiwa hakubadilishi kitu, someni kanuni pamoja kabla hajasaini.

Na mkisoma, angalieni kama chuo kina kipengele cha kutomwadhibu anayeomba msaada kwa ajili ya mtu aliyezidiwa na pombe. Vingine vinacho. Kama hakipo, mwambie apige simu hivyo hivyo, na kwenye kamati utaenda kusimama naye.