Ukoka, Pemba na mafunjo: nyasi za kwetu kwa bustani ya pwani

Ukoka haushiki chini ya mwembe. Miezi ya mwanzo utarefuka ukitafuta mwanga, kisha majani yatapungua, na mvua ikija utabaki na tope. Wengi hulaumu mbolea, kumbe shida ni kivuli. Ukoka unataka jua kamili saa sita au zaidi kwa siku. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, kitazame kiwanja saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, uone jua linafika wapi.

Penye jua la nusu siku, panda nyasi za Pemba, kitaalamu Stenotaphrum dimidiatum. Ni za mwambao huu huu na visiwa vya Bahari ya Hindi, ndiyo maana zinastahimili upepo wa bahari na maji ya kisima yenye chumvichumvi. Utazitambua kwa jani pana lenye ncha butu na shina bapa linalotambaa. Nyasi za Kikuyu waachie watu wa nyanda za juu. Joto la Dar es Salaam au Mombasa si lao, hata muuzaji akisifu vipi.

Kazi kubwa ni ardhi, na adui ni ndago. Ina vijinundu vilivyoungana kama shanga chini ya udongo, na jembe likivikata kila kimoja kinachipua peke yake. Mwagilia kiwanja kitupu, subiri ndago ichomoze, ichimbue kwa uma pamoja na vijinundu vyake, kisha subiri wiki tatu urudie. Mara mbili ni kiwango cha chini. Kagua pia udongo unaokuja na nyasi za kununua, maana ndago nyingi huingia kwa mlango huo.

Ukishamaliza, tifua sentimita 15 na changanya samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 4 za mraba. Kata vipandikizi vyenye pingili tatu, ufukie mbili na uache moja juu. Kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20 utahitaji vipandikizi 25 kwa mita moja ya mraba, yaani 2,500 kwa mita 100. Kandamiza udongo kwa mguu. Kipandikizi kilichoachwa kwenye udongo uliolegea hukauka hata kama unamwagilia. Wiki mbili za kwanza maji ni kila siku. Baadaye mwaga mengi mara mbili kwa wiki, mizizi ifuate maji chini.

Mwezi wa pili tangu kupanda weka mbolea ya urea kilo 1 kwa mita 100 za mraba, umwagilie hapo hapo, la sivyo itaunguza majani.

Ukoka ukatwe ubaki sentimita 3 hivi. Pemba ibaki 5 hadi 7. Fundi akiifyeka Pemba mpaka chini kama ukoka, unabaki na mashina ya kahawia yasiyo na jani, na ndago inapata mwanga iliokuwa inausubiri.

Themeda triandra, zile nyasi za Serengeti zinazogeuka nyekundu zikikauka, ni nzuri kwa Arusha au Nairobi, lakini si za kukanyagwa. Panda mashina kwa mashina, sentimita 50 kutoka moja hadi jingine, ukate mara moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi.

Mafunjo si nyasi hasa, ni ndugu wa ndago: papasa shina uone lina pembe tatu na halina pingili. Usiyapande moja kwa moja kwenye bwawa, yatalijaza. Tumia beseni lenye upana wa sentimita 60, udongo wa mfinyanzi usio na samadi (samadi huozesha maji), na maji yapande sentimita 5 juu ya udongo. Gawa tunguu, yaani shina nene la chini ya udongo, kila kipande kiwe na mashina mawili au zaidi. Weka mahali pasipo na upepo mkali, kwa sababu shina likishavunjika halinyooki tena. Likate kwenye kitako ili jipya lipate nafasi. Na tia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu.