Futi 32: kazi ya kuongoza mchezo wa mashua za marubani

Siku hizi ukisema rubani watu hufikiri ndege. Wazee wa Pwani walilijua neno hilo baharini: rubani ni yule ajuaye miamba na mikondo, anayepanda chombo cha mgeni na kukiingiza bandarini salama. Mchezo ninaoutumikia umezaliwa na kazi hiyohiyo, ila huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, na katika visiwa vya Scilly vilivyo umbali wa kilomita 45 hivi kutoka nchi kavu. Meli ikichomoza, mashua kadhaa zilitoka mbio kwa makasia, kila moja na rubani wake. Iliyotangulia kufika ndiyo iliyopata kazi na ujira, zilizochelewa zikarudi mikono mitupu. Mashua hizo huitwa gigi, na mbio zake za leo zimetokana na ushindani huo wa riziki.

Nimekaa miaka kadhaa katika uongozi wa mchezo huu, na swali ninaloulizwa sana na ndugu wa nyumbani ni hili: kiongozi wa chama cha makasia hufanya nini hasa, maana hakuna wachezaji wa kununua wala viwanja vya kujenga? Jibu langu ni fupi. Nalinda kipimo.

Gigi ina urefu wa futi 32, yaani karibu mita 9.75, na upana wa futi 4 na inchi 10. Wapigaji ni sita, kila mmoja na kasia lake moja, na wa saba hushika usukani. Vipimo hivi vilitoka kwenye mashua halisi iitwayo Treffry, iliyoundwa mwaka 1838 na fundi William Peters wa St Mawes. Treffry bado ipo Newquay, mji wa hukohuko Cornwall, bado inaingia majini, na klabu inayoitunza inazo pia mashua ya mwaka 1812 na nyingine ya 1820. Chama cha Cornwall kilipoundwa katika miaka ya 1980, waasisi wake wangeweza kuandika kanuni za mashindano kwanza. Walichokifanya ni kuichukua Treffry na kuamua kwamba kila gigi mpya itafuata umbo lake. Naamini uamuzi huo ndio uliouokoa mchezo, kwa sababu klabu ya kijiji cha wavuvi na klabu ya mji wenye fedha zikikutana, zinakutana na mashua ileile.

Kulinda umbo hilo ni kazi ya mikono. Gigi inapoundwa, mkaguzi wa chama huenda kwa fundi si chini ya mara tatu. Hangoji mashua iishe, kwa kuwa ikishaisha kosa limefichwa. Anakwenda mkuku na fremu zikiwa bado wazi, anakwenda mbao zikiwa zimepanda, anarudi mwishoni. Mbao za ubavuni zina unene wa robo inchi tu, kila ubao ukipanda juu ya mwenzake, na mataruma, yaani mbavu za mashua, hulainishwa kwa mvuke kisha kupindwa yakiwa bado ya moto. Ukiona fundi na msaidizi wake wanavyokimbiza taruma moja kutoka kwenye sanduku la mvuke hadi mahali pake kabla halijapoa, utaelewa kwa nini wanaotaka kazi hii si wengi.

Mti wenyewe unatusumbua kuliko jambo lolote. Gigi huundwa kwa mti uitwao elmu, na hasa elmu ya Cornwall yenye majani membamba, kwa vile nyuzi zake husokotana na hazipasuki ovyo. Katika miaka ya 1970 ugonjwa wa kuvu unaobebwa na mbawakawa wa maganda uliua elmu za Uingereza kwa mamilioni. Kwa hiyo klabu inayotaka mashua mpya haianzi na fedha peke yake, inaanza na gogo. Hapo ndipo simu huanza kuja. Je, hatuwezi kutumia mti mwingine? Je, faiba ina ubaya gani?

Faiba haina ubaya wowote kwa mazoezi, na klabu nyingi zina gigi za faiba za kufundishia vijana, ambazo huhimili kuburutwa juu ya mawe siku nzima. Mashindano ni ya mashua za mti, na mimi nasimama hapo bila kuyumba. Siku tukiruhusu faiba mstarini, fundi wa elmu atakosa oda mwaka uleule, na ujuzi wake hautarithiwa na mtu. Kuna klabu moja iliyonikasirikia sana kwa msimamo huu, nami naielewa, kwani walikuwa wamechangisha miaka mingi na bei ya mti ikawapita. Tuliwatafutia gigi iliyotumika badala ya kuwalegezea kanuni. Wanapiga makasia leo katika mashua iliyopita kwenye vipimo vyote.

Niseme na vigingi, maana ndivyo vinavyonifurahisha kuliko vyote. Kwetu Pwani kasia hushikwa na kishwara cha kamba. Kwenye gigi kasia huvikwa ngozi na kukaa kati ya vigingi viwili vya mti, kimoja kigumu na kimoja laini. Kile laini kimewekwa kivunjike. Bahari ikichafuka na kasia likazama na kunaswa, kigingi hukatika kabla ya kasia, na kabla ya mbavu za mpigaji. Mpigaji huchomeka kingine kutoka akiba na kuendelea. Kila msimu hutokea mtu anayetaka kuweka viwili vigumu ili apate nguvu zaidi. Huyo namwita pembeni tukazungumza.

Bahari hii haina mzaha. Desemba 1907 jahazi la milingoti saba, Thomas W. Lawson, lilivunjika usiku wa dhoruba karibu na St Agnes, kimojawapo cha visiwa vya Scilly, likiwa na rubani wa kisiwa hicho ndani yake. Asubuhi watu wa St Agnes waliteremsha gigi yao iitwayo Slippen, iliyoundwa 1830, na mmoja wao alikuwa mwana wa rubani yule, akimtafuta baba yake. Babaye hakuonekana, ila kijana alijitosa majini kati ya miamba na kumfikia nahodha wa meli, ambaye aliokoka. Slippen ipo mpaka leo.

Ni kutoka St Agnes hiyohiyo ambako mbio za ubingwa wa dunia huanzia. Zilianza mwaka 1990 na hufanyika kila Mei, ukiacha miaka ya korona. Gigi zaidi ya 100 hujipanga mstari mmoja na kuelekea kisiwa cha St Mary's. Matokeo hayo huzigawa katika makundi ya mashua 12, kisha mbio fupi hufuata, za juu zikipanda kundi na za chini zikishuka, mpaka kila mashua ipate mahali pake. Klabu ya mwisho nayo inamaliza ikiwa imeshindana na watu wa kiasi chake, na mimi huwatazama hao wa makundi ya chini kwa moyo uleule ninaowatazamia mabingwa.

Tatizo ni kwamba Scilly ina wakazi kama 2,100 tu, na wikiendi ile wageni wanakaribia kuwazidi. Vitanda, maji na meli za kubebea mashua haviongezeki kwa kuwa sisi tumeongezeka. Wapo wanaotaka ubingwa uhamie bandari kubwa ya bara, penye nafasi ya mashua 200. Katika kila kikao nimesema tuweke kikomo cha idadi na tubaki visiwani, tena wenyeji wa Scilly ndio watutajie kikomo hicho. Mjadala haujaisha, na ajenda ya kikao kijacho tayari ninayo mezani.