Kesi za Pamoja Nchini Ujerumani: Asiyejisajili Halipwi

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria za kanuni zilizoandikwa, Ujerumani ikiwemo, hukumu ya madai kwa kawaida humfunga mdai na mdaiwa peke yao. Ndiyo maana utaratibu wa Marekani, ambao humruhusu mtu mmoja kudai fidia kwa niaba ya maelfu wasiojua hata kama kesi ipo, ulikataliwa katika nchi hizo kwa miaka mingi. Hoja ya nchi hizo ina uzito: haki ya kudai ni ya mwenyewe, na si vyema aipoteze katika shauri ambalo hakulisikia.

Hata hivyo, msimamo huo uliwaumiza wanyonge. Mwaka 2015 ilipobainika kwamba Volkswagen iliweka katika magari ya dizeli programu iliyopunguza sumu ya moshi wakati wa upimaji tu, kila mwenye gari alibaki na wakili wake dhidi ya kampuni kubwa, huku muda wa kudai ukielekea kwisha mwishoni mwa 2018. Sheria mpya, iliyoruhusu chama kufungua kesi moja kwa ajili ya wote wanaojisajili, ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2018, na siku hiyohiyo shirikisho la vyama vya kutetea watumiaji likafungua kesi mjini Braunschweig. Watu zaidi ya 400,000 walijisajili bila malipo, na kwa kujisajili tu, muda huo wa kudai, yaani muda wa ukomo, ukasimama.

Upungufu wa sheria ile, kwa maoni yangu, ulikuwa mkubwa. Mahakama ingeweza kutamka kwamba kampuni inawajibika, lakini fedha zenyewe kila mmoja angezidai kwa kesi yake. Wengi walilipwa kwa sababu tu pande mbili zilifikia suluhu Februari 2020, kati ya euro 1,350 na 6,257 kwa gari, kulingana na aina na umri wake.

Tangu tarehe 13 Oktoba 2023, kufuatia agizo la Umoja wa Ulaya la 2020, chama chenye sifa zinazotakiwa na sheria kinaweza kudai malipo moja kwa moja. Kampuni ikishindwa, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hukagua dai la kila aliyejisajili na kumlipa. Biashara ndogo nazo zinaruhusiwa kujiunga.

Sharti la kujisajili limebaki palepale. Rejesta hufungwa wiki tatu baada ya mahakama kumaliza kusikiliza hoja za pande zote, na hadi siku hiyo aliyejisajili anaweza pia kujiondoa. Aliyechelewa hana fungu katika malipo hayo. Njia yake ni kufungua kesi mwenyewe, iwapo muda wa ukomo haujampita.