Praesidium: kwa nini ni tuum, sio tuo

Kuna swali huwa naulizwa karibu kila mwaka na mi nalipenda kweli. Mwanafunzi kwenye somo la Kilatini kaandika ubaoni mwanzo wa sala kwa Bikira Maria, sub tuo praesidio confugimus (tunakimbilia chini ya ulinzi wako), kageuka, akaniuliza, "Mwalimu, si ulisema sub, yaani chini ya, inaenda na ablativu, lile umbo la nomino la kuonyesha mahali ulipo?" Nilisema ndio, ila hiyo ni nusu ya habari.

Praesidium ni nomino ya kundi la pili, jinsia ya kati: praesidium, praesidii, wingi praesidia. Imetoka kwa prae, mbele, na sedeo, kukaa, yaani kuna mtu amekaa mbele yako, hatari ikija inamkuta yeye kwanza. Ndo maana Warumi walitumia neno hilohilo kwa ulinzi na kwa kikosi kinacholinda ngome, na Lejio ya Maria, chama cha kitume cha Wakatoliki kilichoanzishwa na Frank Duff kule Dublin mwaka 1921, ikaazima maneno ya jeshi la Roma, kwa hiyo kikundi kimoja cha wanalejio ni praesidium, vikiwa viwili ndo mnasema praesidia.

Sasa turudi kwa sub. Kama umeshafika, umetulia hapo, unatumia ablativu: sub tuo praesidio sumus. Lakini confugimus ni kukimbia kutafuta hifadhi, bado uko njiani, hatari iko nyuma yako, na hapo sub inadai akuzativu, umbo la nomino la kuonyesha unakoelekea: sub tuum praesidium. Ile um ndo imebeba mbio zote.

Kiswahili mbio hizo kinaziweka kwenye kitenzi. Tunasali "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu", na hiyo -ili- ndani ya kimbilia inafanya kazi ileile ya akuzativu! Aliyetafsiri hivi mi namheshimu sana, maana angeng'ang'ania sub neno kwa neno angepata "chini ya ulinzi", na kwetu mtu akiwa chini ya ulinzi tunajua amekamatwa na polisi.

Dativu nayo, umbo la nomino la kuonyesha jambo ni kwa ajili ya nani au ya nini, ina matumizi yake mazuri, mfano Caesar legionem castris praesidio reliquit, Kaisari aliacha lejioni, kikosi kikubwa cha jeshi, ikailinde kambi, dativu mbili zimekaa pamoja, castris ndo kinacholindwa, praesidio ndo kazi yenyewe. Hiyo inataka siku yake.

Nilipomaliza yule kijana hakusema kitu, akachukua dasta, akafuta zile o mbili, akaandika um na um.