Je, wajua kwa nini waandaaji wa makongamano walikuwa wa mwanzo kupunguza wafanyakazi wakati wa UVIKO-19?

Tarehe 6 Machi 2020, uongozi wa jiji la Austin, Texas, nchini Marekani, ulitangaza hali ya maafa na kulifuta kongamano na tamasha la South by Southwest, ikiwa imebaki wiki moja tu lifunguliwe. Siku chache baadaye waandaaji wake waliachisha kazi takriban theluthi moja ya wafanyakazi wa kudumu. Kampuni iliyokuwa imeuza tiketi na kupokea fedha za wadhamini kwa miezi kadhaa iliishiwaje upesi kiasi hicho?

Sababu ni kwamba mwandaaji wa tukio la mara moja kwa mwaka hulipwa kabla ya kutoa huduma, na fedha hizo ndizo zinazolipa mishahara ya mwaka mzima, pango la ofisi, matangazo na malipo ya awali ya kumbi. Siku ya ufunguzi inapokaribia, sehemu kubwa ya mapato imekwisha kutumika, ilhali waliolipa bado wanadai. Waandaaji wa Austin hawakurudisha fedha za tiketi, bali waliwaruhusu wateja kuhudhuria mwaka mmojawapo kati ya 2021 na 2023, uamuzi uliowafikisha mahakamani. Hata bila kesi hiyo, ahadi yenyewe ilikuwa na gharama, kwa kuwa kila aliyeikubali alikuwa mteja ambaye hangelipa tena.

Bima nayo haikusaidia, kwa kuwa ile waliyokuwa nayo haikugusa magonjwa ya kuambukiza. Waandaaji wa mashindano ya tenisi ya Wimbledon, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakilipia bima ya magonjwa hayo ambayo wengi waliiona anasa, walifidiwa.

Hata hivyo, idadi ya walioachishwa kazi ofisini haionyeshi ukubwa wa hasara. Maonesho ya simu ya Barcelona, yaliyofutwa tarehe 12 Februari 2020, yalitarajiwa kuleta wageni zaidi ya 100,000 na ajira za muda zipatazo 14,000. Wapishi, madereva, wakalimani, walinzi na mafundi wa majukwaa wa aina hii hawakupewa barua ya kuachishwa kazi, kwa sababu hawakuwa waajiriwa wa kudumu. Hawakuitwa tu, na kwa hiyo wengi wao hawamo katika takwimu za waliopunguzwa.

Kuhamia mtandaoni, kama South by Southwest ilivyofanya Machi 2021, kuliokoa jina la tukio kuliko ajira, kwani mkutano wa kwenye skrini hauhitaji mpishi wala dereva, na mdhamini haoni sababu ya kulipa bei ileile bila banda la kukutania na wateja. Aprili 2021 waandaaji hao wa Austin waliuza nusu ya umiliki wa kampuni kwa mwekezaji kutoka nje, ndipo wakapata fedha za kuandaa kongamano la 2022.