Jamestown, 1607: dhana potofu kuhusu walowezi wa kwanza wa Kiingereza Marekani, na ukweli wake

Tarehe 14 Mei 1607 wanaume na wavulana 104 walishuka kwenye kisiwa kimoja cha Mto James, Virginia, wakaanza kujenga. Meli ya kuwaongezea watu na chakula ilipofika Januari 1608 iliwakuta 38 tu. Wapya wakaletwa, nao wakafa. Majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 yaliufagia mji karibu wote. Sababu zinazorudiwa kila mara ni uvivu wa mabwana wa Kiingereza na mishale ya wenyeji. Mishale iliua, na uvivu ulikuwepo, lakini atakayefuatilia maji waliyokunywa na mahindi waliyoyategemea ataona kwamba vifo vingi vilitokana na maamuzi, mengine yakiwa yameshafanywa London.

Dhana: Walowezi wa kwanza walikuja na meli ya Mayflower.

Mayflower ilifika mwaka 1620, miaka 13 baada ya Jamestown. Wahispania walikuwa wameshaweka mji wa St. Augustine, Florida, tangu 1565. Waingereza nao walijaribu kisiwa cha Roanoke mwaka 1585, wakarudia 1587, na kundi hilo la pili halikupatikana meli ziliporudi kulitafuta mwaka 1590. Kwa kulinganisha na pwani yetu, Wareno walianza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Uingereza ilikuwa imechelewa, na ilikwenda Virginia ikiwa na hofu ya kushambuliwa na meli za Wahispania. Hofu hiyo ndiyo iliyochagua mahali pa kujenga.

Dhana: Mahali pabaya palikuwa bahati mbaya tu.

Kampuni ya Virginia iliyowatuma iliwapa maagizo ya maandishi: wapande mto unaopitika kwa meli, wakae mbali na bahari, na wasijenge kwenye ardhi ya chini yenye unyevu kwa sababu haina afya. Wakajenga kwenye ardhi ya chini yenye unyevu. Walikipenda kisiwa hicho kwa sababu kina cha maji kilikuwa pima 6, kiasi cha mita 11, karibu kabisa na ukingo, hata meli iliweza kufungwa kwenye miti. Pia kiliungana na bara kwa kipande chembamba cha ardhi, kwa hiyo kilikuwa rahisi kulinda. Kiusalama palifaa. Shida ni kwamba kisiwa kizima hakikuwa na chemchemi hata moja ya maji matamu, na sehemu kubwa yake ilikuwa kinamasi.

Basi wakanywa maji ya mto, na hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Sehemu hiyo ya Mto James bado inapokea kujaa na kupwa kwa bahari. Majira ya machipuko, maji ya mvua na theluji iliyoyeyuka hushuka kwa nguvu kutoka bara na kuisukuma chumvi chini. Kiangazi nguvu hiyo hupungua, na maji ya bahari hupanda mpaka Jamestown. Hapo yanapokutana maji ya chumvi na maji matamu, uchafu hauondoki: kinyesi cha watu wa ngomeni kilipanda na kushuka palepale kwa kila kujaa na kupwa. George Percy, mmoja wa waliokuwepo, aliandika kwamba maji yakijaa yalikuwa chumvi tupu, na yakipwa yalijaa tope na uchafu.

Percy aliorodhesha pia vifo vya Agosti 1607. Tarehe 6 John Asbie, kuhara damu. Tarehe 9 George Flowre, uvimbe. Tarehe 10 William Bruster, jeraha la vita. Tarehe 22 Bartholomew Gosnold, nahodha aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa safari yenyewe. Katika orodha hiyo jeraha ni la wachache. Wanaotajwa mara kwa mara ni wa kuhara, wa uvimbe na wa homa kali. Percy mwenyewe aliona kwamba wengi waliuawa na njaa, na chakula kilikuwa kidogo kweli: kikopo kidogo cha shayiri iliyochemshwa, wagawane watu watano kwa siku, pamoja na maji ya mto. Lakini watafiti wa baadaye, wakipima dalili zile dhidi ya tabia ya mto, wameona alama za homa ya matumbo, kuhara damu na sumu ya chumvi. Mtu anayeharisha hawezi kunufaika hata na kile kidogo alichopewa, na mwenye njaa hana nguvu za kupambana na homa. Kutenganisha viwili hivyo ni kazi bure.

Kisima kilichimbwa ndani ya ngome mwanzoni mwa 1609, karibu miaka miwili baada ya kufika.

Dhana: Walikufa kwa sababu mabwana wakubwa hawakutaka kufanya kazi.

Karibu nusu ya kundi la kwanza waliandikishwa kama waungwana, na wengi wao hawakuwahi kushika jembe. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, kundi hilohilo lilishambuliwa na mamia ya wapiganaji mwishoni mwa Mei, likiwa halijajizungushia ukuta, na kufikia tarehe 15 Juni boma la magogo lilikuwa limesimama: pembe tatu, upande wa mtoni futi 420, pande mbili nyingine futi 300 kila mmoja, na ngome ndogo yenye mizinga kwenye kila pembe. Kukata magogo yote hayo, kuyabeba, kuchimba mfereji na kuyasimamisha kwa muda wa wiki tatu hivi, katika joto la Virginia, si kazi ya watu waliokaa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kazi waliyoagizwa kufanya. Kampuni ilitaka faida ya haraka: dhahabu, njia ya kwenda Bahari ya Kusini (yaani Pasifiki), lami, mbao, vioo. Kundi la pili, la Januari 1608, lilikuwa na masonara, wasafishaji wa madini na hata mtengeneza manukato. Wakulima wenye ujuzi walikuwa haba. Meli ilikaa wiki kadhaa ikisubiri kupakiwa udongo wenye kumetameta, na mabaharia waliokaa wakiusubiri walikula akiba ya watu wa nchi kavu. Udongo ule ulipopimwa London haukuwa na thamani yoyote.

John Smith, mmoja wa walowezi, alipokuwa rais wa halmashauri iliyouongoza mji aliweka sheria kwamba asiyefanya kazi asile, na sheria hiyo ndiyo inayokumbukwa. Nadhani jambo jingine alilolifanya lilikuwa na uzito zaidi. Machipuko ya 1609 panya waliotoka melini walimaliza mahindi ya ghalani. Smith akawatawanya watu: kundi moja likashuka mtoni kwenye miamba ya chaza, jingine likaenda Point Comfort, mlangoni mwa mto, kuvua samaki, jingine likapanda juu kwenye maporomoko. Walikula vibaya, ila waliondoka kwenye maji machafu wakati wa joto, na vifo vilipungua sana.

Dhana: Virginia ilikuwa pori tupu, lililojaa chakula cha kuokota.

Nchi hiyo wenyewe waliiita Tsenacommacah. Ilikuwa na makabila zaidi ya 30 chini ya mtawala mkuu Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan, na watu wapatao 14,000 au 15,000. Ngome ya Jamestown ilijengwa kwenye ardhi ya Wapaspahegh. Wanawake ndio waliolima: mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja. Mahindi hayo ni jamaa ya haya yanayotulisha ugali Afrika Mashariki, kwa kuwa zao hilo lilitoka bara la Amerika.

Akiba ya wenyeji haikukusudiwa kufika mwaka mzima. Kati ya kuisha kwa mahindi ya zamani na kukomaa kwa mapya, watu walitawanyika kuvua, kuwinda na kuchimba mizizi. Mzizi mkuu uliitwa takaho, wa ukoo mmoja na magimbi yetu, unaoota kwenye vinamasi. Ukiliwa mbichi ni kama sumu. Wanawake waliurundika, wakaufunika kwa majani ya mwaloni na ya jimbi, wakaufukia kwa udongo, kisha wakakoka moto pande zote mbili kwa saa 24 ndipo uliwe. Ukitolewa mapema unawasha koo vibaya sana. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kuuvamia mto na mizinga.

Juu ya hayo kulikuwa na ukame. Pete za miti ya misonobari ya vinamasini zilizochunguzwa na wanasayansi miaka ya 1990 zinaonyesha kwamba 1606 hadi 1612 ilikuwa miaka saba mikavu kuliko mingine yoyote ya mfululizo kama huo katika eneo hilo kwa karibu miaka 770. Kwa hiyo Waingereza walipodai mahindi waliwadai watu ambao wenyewe hawakuwa nayo ya kutosha, na mto uliokosa mvua ulizidi kuwa wa chumvi.

Mwanzoni biashara ilikuwa ya shaba kwa mahindi. Shaba ilikuwa alama ya cheo kwa Wapowhatan, na kipande kidogo kilinunua nafaka nyingi. Kisha mabaharia wakaanza kuuza shaba kwa siri ili wapate vitu vya kwenda kuuza kwao, bei ikaanguka, na Smith akalalamika kwamba kilichopatikana kwa wakia moja sasa hakipatikani hata kwa ratili nzima. Walipokosa cha kununulia, wakachukua kwa bunduki.

Dhana: Habari za kula watu ni uzushi.

Mwaka 1609 Kampuni ilituma meli 9 zikiwa na watu wapatao 500. Kimbunga kilizitawanya. Meli kuu, Sea Venture, iliyobeba viongozi, ilikwama Bermuda. Zilizofika Agosti zilishusha mamia ya watu wenye njaa na chakula kilichoharibika kwa maji. Smith akaungua kwa baruti, na Oktoba akarudi Uingereza. Novemba wapiganaji wa Powhatan wakauzingira mji: aliyetoka nje aliuawa.

Walikula farasi, mbwa, paka, panya, nyoka, kisha ngozi za viatu. Percy aliandika kwamba walifukua makaburi. Wengi walimtilia shaka, hadi mwaka 2012 wanaakiolojia walipoipata sehemu ya fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa miaka 14 hivi kwenye shimo la taka la ngome, vikiwa na alama za kukatwa. Douglas Owsley wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, alizichunguza, na matokeo yakatangazwa Mei 2013. Alama za kwanza kwenye paji la uso ni za kusitasita. Za kisogoni ni za nguvu.

Waliobaki hai ngomeni Mei 1610 walikuwa kama 60. Mwezi huohuo Percy alishuka Point Comfort, mlangoni mwa mto, akawakuta wenzao wameshiba, wakiwalisha nguruwe kaa. Mji ulikuwa umefungiwa pale pasipo chakula, huku chakula kikiwa mtoni humo humo.

Dhana: Njaa iliisha walipoacha kulima kwa pamoja.

Hii hupendwa katika mabishano ya siasa. Walowezi wa mwanzo walikuwa waajiriwa wa kampuni ya wanahisa, na ghala lilikuwa la mwajiri. Mnamo 1613 na 1614 Thomas Dale, mmoja wa viongozi wa koloni, aliwagawia baadhi yao ekari 3 kila mmoja, na mavuno yakaongezeka kweli. Lakini ukame ulikuwa umekwisha 1612, na mwaka 1614 vita vya kwanza na Powhatan vikamalizika baada ya binti yake Pocahontas kuolewa na mlowezi John Rolfe. Pocahontas huyo alikuwa na miaka kama 11 Smith alipotekwa na Wapowhatan mwaka 1607; habari za mapenzi kati yao hazina msingi.

Dhana: Tumbaku ilipopatikana, shida zikaisha.

Rolfe alianza kujaribu mbegu ya tumbaku tamu karibu 1612, na Kampuni hatimaye ikapata cha kuuza. Watu wakaipanda hadi barabarani na kuacha mahindi. Agosti 1619 meli ya White Lion ilifika Point Comfort, wala si Jamestown kama inavyosemwa mara nyingi, ikiwa na Waafrika zaidi ya 20 walioporwa kutoka meli ya Wareno iliyotoka Luanda, Angola. Rolfe aliandika kwamba walibadilishwa kwa chakula.

Tarehe 22 Machi 1622 Wapowhatan waliua walowezi 347 kwa siku moja. Mashamba yakaachwa, watu wakasongamana tena penye ngome, karibu na maji yaleyale, na waliokufa kwa njaa na maradhi katika miezi iliyofuata waliwazidi wale 347. Mfalme aliifuta hati ya Kampuni mwaka 1624. Kufikia hapo watu zaidi ya 6,000 walikuwa wamepelekwa Virginia. Sensa ya 1625 ilihesabu 1,200 hivi.