Eafraya ni oveni, sio karai: tunayodanganyana kabla ya kununua

Mwaka jana mwezi wa Shaabani nilinunua eafraya (air fryer, yaani kikaangio cha hewa) ya lita 5 pale Kariakoo, elfu 165 baada ya kubembelezana hadi muuzaji akachoka, na akilini mwangu nilikuwa na jambo moja tu, maandazi na sambusa za futari bila kuteketeza mafuta. Jioni ya kwanza nikakanda unga wangu vizuri, iliki, tui la nazi, nikakata, nikapanga kwenye kikapu, dakika kumi yakatoka yamevimba yana rangi nzuri kabisa. Mama akachukua moja akalimega, akatafuna taratibu, akaniambia skonzi zako tamu mwanangu, ila hazijapata siagi ya kupaka. Skonzi! Na mi nimesimama na sahani ya maandazi.

Nikanuna wiki nzima, nikaona nimepigwa. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba mashine haina kosa, jina lake ndo linatuponza, maana ukisikia neno la kukaanga unafikiria karai, kumbe hii kitu ni oveni ndogo yenye feni kali. Juu kuna koili inayowaka nyekundu kama ya jiko la umeme, juu ya koili kuna feni, chini kuna kikapu chenye matundu, feni inasukuma hewa ya moto izunguke chakula pande zote kwa kasi, basi. Philips ndo waliitoa kwa jina hilo mwaka 2010 pale Berlin kwenye maonyesho ya vifaa vya umeme, na toka hapo kila kiwanda kinatoa ya kwake, lakini oveni za feni zilikuwepo miaka mingi kabla. Tofauti ni kwamba hii ni ndogo kwahiyo inapata moto haraka na hewa inakipiga chakula kwa karibu.

Ukilishika hilo la oveni kichwani, nusu ya maneno ya mtaani yanajijibu yenyewe.

"Inakaanga kila kitu kama kwenye mafuta"

Hapana jamani, na hii ndo inayofanya watu wengi waziweke juu ya kabati zikae zinakula vumbi. Andazi linavyokuwa andazi ni kwa sababu linaogelea, mafuta ya moto yanalishika lote kwa mpigo, ngozi inakaza, mvuke ndani unalivimbisha linapata ule mfuko wa hewa katikati. Hewa haina nguvu ya kubeba moto kama mafuta, kwahiyo donge lako linaiva polepole kama mkate, na mkate ndo unachopata. Vitumbua usijaribu hata kidogo. Bajia za dengu, viazi karai vya watu wa Mombasa, ndizi za kuchovya kwenye unga mbichi, vyote hivyo uji wa unga unachuruzika kupitia matundu kabla haujakaza, unaungua chini kwenye droo, unabaki na kiazi kitupu na moshi. Chapati nayo achana nayo.

Sasa njoo kwenye vinavyokubali. Kuku wa kisasa, hasa mapaja yenye ngozi, nyuzi 190 dakika 25 unageuza mara moja, ngozi inapasuka kama biskuti na mafuta yake yenyewe yanadondoka chini, ukimwaga ile droo utashangaa yalivyo mengi. Kuku wa kienyeji usimuweke mbichi, moto mkavu unamkaza anakuwa kama kandambili, mchemshe kwanza na tangawizi na limao alainike ndo umalizie kwenye mashine dakika kumi. Samaki wadogo kama vibua wanatoka vizuri sana, ukiwakausha vizuri na ukapaka mafuta kidogo hawagandi. Mishkaki sawa, kababu sawa, katlesi sawa ila lazima uzizungushie chenga za mkate mkavu, zile za kuchovya yai tu zinalia machozi. Mihogo ichemshe kwanza. Sambusa zangu nazo nilikuja kuziweza, unapaka mafuta kwa brashi pande zote mbili, nyuzi 180 dakika 12 hivi, manda inakauka inapata ule mlio, ingawa mtu aliyezoea za kwenye karai atakwambia kuna kitu kimepungua na atakuwa sahihi.

"Haitumii mafuta kabisa"

Inaweza kupika bila mafuta, ila chipsi bila tone la mafuta zinakuwa kama vijiti vya karatasi. Utasema mbona zile za pakiti za kwenye friza za supamaketi zinatoka nzuri bila kuongeza chochote, ndio, kwa sababu zimeshakaangwa nusu kiwandani, mafuta yamo humo tayari. Za kwako za kukata mwenyewe zinataka kijiko kimoja kikubwa kwa nusu kilo. Kijiko hicho ni kama kalori 120, na ukilinganisha na chipsi za kudumbukiza kwenye karai ambazo zinakunywa mafuta mara kadhaa ya hapo, faida ipo na ni kubwa. Ila kiazi kinabaki kiazi, wanga wake haujaenda popote, na sahani mbili za chipsi za eafraya ukizishushia na soda baridi usijiambie unafanya daiti.

Hapa niwape namna ya chipsi maana ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Kata sawasawa, unene wa kidole chembamba. Osha mpaka maji yaache kuwa meupe, loweka nusu saa, halafu mwaga maji na UKAUSHE kwa tauro safi, sio kuchuruzisha tu, kukausha kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki juu yatageuka mvuke na mvuke unachemsha, haukaushi. Changanya na kijiko cha mafuta na chumvi kidogo kwenye bakuli, sio kwenye kikapu. Washa mashine tupu dakika tatu ipate moto. Weka zisizidi nusu ya kikapu. Nyuzi 180 dakika 13 ukitikisa mara mbili, kisha pandisha 200 dakika tano za mwisho. Ukijaza kikapu mpaka juu kwa uroho, zile za katikati zitatoka zimelowa kama za jana, na hapo ndo utasikia mtu anasema mashine mbovu.

"Inatoa mionzi, inaleta kansa"

Hii imetembea sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia, ile sauti ya mtu asiyejitaja jina anakohoa katikati. Wanachanganya na maikrowevu. Eafraya haina kitu cha namna hiyo ndani, ni koili na feni, joto lake ni la aina ileile ya mkaa unaokuchoma uso ukikaribia jiko.

Kuna jambo la kweli lililofichwa humo ndani lakini, na halisemwi kwa mashine hii peke yake. Vyakula vya wanga kama viazi na mkate vikipikwa kwa moto mkavu au mafuta kupita nyuzi 120 vinatengeneza kitu kinaitwa akrilamaidi, na mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa kiasi kikubwa kutokana na majaribio ya wanyama. Karai inatengeneza, oveni inatengeneza, na eafraya pia inatengeneza, kwahiyo anayekuuzia kwamba hii imeondoa kabisa anakudanganya na anayekutisha kwamba hii peke yake ndo inayo naye anakudanganya. Kuloweka viazi kunapunguza, na kutoa chipsi zikiwa rangi ya dhahabu badala ya kuzisubiri ziwe kahawia ndo kunapunguza zaidi.

Ile rangi nyeusi isiyogandisha ya kwenye kikapu nayo inaulizwa, nyingi ni Tefloni. Tefloni inaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya ikipita nyuzi 260, na hizi mashine nyingi zinaishia 200, kwahiyo ukiitumia kawaida hufiki huko. Adui ni sisi na zile stili waya zetu. Nimeona kikapu cha miezi minne kimekwaruzwa kama sufuria ya ubwabwa wa shughuli. Tumia sponji laini, loweka na maji ya moto na sabuni dakika 15, uchafu unatoka wenyewe. Na kama rangi imeshaanza kubanduka vipande vipande, badilisha kikapu.

"Inakula umeme balaa"

Mi na hili nilitaka kuhakikisha mwenyewe, nikazima friji na kila kitu, nikaangalia LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, nikapika chipsi dakika 25, nikarudi kuangalia, 0.45. Haijafika nusu uniti. Mashine yenyewe imeandikwa wati 1500, ingewaka mfululizo ingekula zaidi ya hapo, ila ikifika moto uliouweka inajikata na kuwaka, kukata na kuwaka. Kwa sisi wa tarifu ya kawaida ambao elfu kumi inatupa uniti kama 28, hiyo ni kama shilingi 160. Piga hesabu na nusu lita ya mafuta ya kula inayoishia kwenye karai.

Wenye tarifu ya chini, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya mia mia kabla ya kodi, hao ndo wanatakiwa kuwa makini. Ukiitumia kila siku dakika 20 na kitu unajiongezea kama uniti 12 kwa mwezi, na kama ulikuwa unagusa 68 tayari umeshavuka, na uniti za juu ya 75 zinachajiwa 350. Hapo bei ya chipsi zako inabadilika. Na kwa anayetegemea sola ndogo na inveta ya kuwashia tivii na taa, sahau, itazima nyumba nzima.

La hatari zaidi ya bili ni ekstensheni. Wati 1500 ni mzigo mkubwa. Mimi nilichomeka kwenye ekstensheni ya elfu tano pamoja na birika la umeme, nikaenda kukunja nguo, nikarudi kwa harufu ya plastiki, tundu la katikati limeyeyuka limelia kama mshumaa na plagi imegandia humo. Nilitetemeka. Sasa hivi inakaa kwenye soketi ya ukutani peke yake, na nimeisogeza mbali na ukuta na pazia kwa sababu nyuma inapumua hewa ya moto. Afu ukiletewa zawadi na ndugu kutoka Marekani, soma kibandiko cha chini kabla ya kuchomeka, kama kimeandikwa 120V ukiichomeka hapa kwetu kwenye 230 utasikia mlio mmoja tu.

Dogo lingine, karatasi ya kuokea usiitangulize kwenye mashine tupu. Haina cha kuikandamiza, feni inainyanyua mpaka kwenye koili inashika moto.

"Lita 5 inatosha familia"

Lita wanazoandika kwenye boksi ni ujazo wa droo, sio chakula kinachoiva vizuri. Ya kwangu inachukua mapaja manne ya kuku yakilala bila kupandana. Tuko sita nyumbani. Maana yake awamu mbili au tatu, na wa awamu ya kwanza wameshamaliza kula kabla ya wa mwisho hawajapata. Kwa anayeishi mwenyewe, au wawili na mtoto, ni raha tupu, unarudi kazini saa moja usiku umechoka, kuku anaiva huku unaoga, hakuna kusimamia karai wala kurukiwa na mafuta mikononi. Kwa nyumba ya watu wanane, hela hiyohiyo jazia ununue oveni ya umeme yenye feni, kazi ni ileile na trei ni pana.

Mdogo wangu wa Dodoma aliniuliza wiki iliyopita anunue au asinunue. Nikamwambia we kila Jumapili unachemsha maharage na makande kwa mkaa saa tatu nzima, anza na presha kuka ya umeme, inaivisha kwa uniti isiyozidi moja na utauona mkaa unaokoa, eafraya iwe ya pili. Akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema sawa dada nimekuelewa, ila hiyo presha kuka inapika chipsi? Hapo nikakosa jibu.